Daktari wa Jicho Moja na Ramani Yake

Nina furaha kupewa nafasi hii katika jarida la chama chetu cha Kiswahili. Tuliambiwa tuandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Najua wengi watawaandika marais na wanariadha. Mimi nimemchagua daktari mmoja ambaye pengine hujawahi kumsikia, ingawa kila daktari duniani analijua jina lake. Nimemchagua kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani kwetu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tulipochagua masomo ya kuendelea nayo kutoka Kidato cha Pili, mimi nilichagua Jiografia. Mjomba wangu aliposikia alishika kichwa. Alitaka kujua Jiografia itanilisha nini, maana kwa maoni yake mtu anayesoma mawe na mvua huishia kuwa mwalimu wa mawe na mvua. (Walimu mtanisamehe, hayo si yangu.) Mama alinyamaza tu. Sasa mama ndiye analipa karo, kwa hivyo kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kelele za mjomba. Basi nikaanza kutafuta jibu, na katika kutafuta ndipo nikakutana na Daktari Denis Burkitt.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, karibu na mji wa Enniskillen huko Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi na mpima wa wilaya, kazi yake barabara na madaraja. Lakini mzee huyo alikuwa na mapenzi mengine: ndege. Aliwavisha ndege wadogo wenye vifua vyekundu pete miguuni, ili aweze kumtofautisha huyu na yule, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki sehemu gani ya bustani. Watu wa wakati ule walimwona kama ana kichaa kidogo. Leo wataalamu wa ndege wanamhesabu kuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kumbukeni ramani hiyo ya ndege, tutairudia.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 alipata msiba. Wavulana walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampiga kwenye miwani yake. Jicho la kulia likapotea kabisa. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alikuwa mtu wa jicho moja.

Mwaka wa 1929 aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa. Alikuwa Mkristo wa kusali sana, akahisi ameitwa kutibu watu, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alitamani kuja kufanya kazi Afrika, na jambo hilo halikuwa geni katika ukoo wao, maana ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji hapa Nairobi kwa miaka mingi. Lakini alipoomba kazi katika serikali ya kikoloni alikataliwa. Sababu? Jicho. Waliona mpasuaji wa jicho moja hafai.

Wengine wetu tungekata tamaa hapo. Yeye alijiunga na jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili kama daktari, na jeshi lenyewe likamleta Kenya. Vita vilipoisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa daktari wa wilaya nzima.

Huko Lira ndiko tabia ya baba yake ilipoanza kuonekana. Burkitt alikuwa akiwapasua wanaume wengi wenye ugonjwa wa mabusha. Daktari mwingine angepasua, angeshona, basi. Yeye alianza kuandika kila mgonjwa ametoka kijiji gani. Punde akagundua kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi karibu hakuna. Wilaya ni moja, watu ni wamoja, mbona ugonjwa una upande? Baadaye ilijulikana kwamba mabusha hayo huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Burkitt hakuwa na darubini ya maana wala maabara. Alikuwa na swali moja tu: wapi?

Mwaka wa 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Alifanya kazi huko miaka karibu kumi kabla ya siku iliyobadilisha maisha yake. Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita akaangalie mtoto mdogo wa kiume aliyekuwa amevimba taya. Si upande mmoja, pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Hakuweza kumsaidia.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akiizungukia hospitali ya huko. Akatupa macho dirishani, kumbe nje kwenye nyasi ameketi mama na mtoto, na mtoto uso wake ni vile vile. Burkitt alitoka mbio. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili lazima kuna jambo. Alirudi Mulago akafukua mafaili ya zamani, na ndani yake akawakuta watoto wengine wengi. Madaktari waliowatibu walikuwa wamewaandika kila mmoja na ugonjwa wake: huyu wa taya, yule wa figo, yule wa tumbo. Burkitt aliona kwamba ni ugonjwa mmoja, saratani ya watoto, nayo ilikuwa ikiua kwa muda wa miezi tu. Mwaka wa 1958 aliandika makala kuueleza ugonjwa huo. Mwanzoni ni wachache walioijali.

Sasa hapa, ndugu msomaji, ndipo swali la Lira liliporudi. Watoto hawa wanatoka wapi? Burkitt alipewa ruzuku ndogo sana, pauni 25. Akachapisha karatasi zenye picha za wagonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika: je, mmewahi kuona ugonjwa huu? Majibu yalipofika alitundika ramani ya Afrika ukutani na kuchoma pini kila mahali palipojibu ndiyo. Pini zilizidi kuongezeka, na polepole zikajipanga zenyewe. Zilifanya kama mshipi uliofungwa katikati ya Afrika, pande zote mbili za ikweta, wenye mkia unaoteremka pwani ya Msumbiji.

Lakini mshipi ule ulikuwa unaishia wapi hasa? Barua hazikutosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Bahati nzuri Williams alikuwa fundi wa magari pia. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Barabara zenyewe mnaweza kuzifikiria. Kwa majuma kumi walisafiri maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, na walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha, wakauliza, wakaandika ndiyo au hapana. Hapana ilikuwa na thamani sawa na ndiyo, kwa sababu mpaka huchorwa kati ya hizo mbili.

Waliporudi, ramani ilionyesha ajabu. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haupandi zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 1,500. Kusini zaidi mpaka huo ulishuka hadi futi 3,000, na kusini kabisa hadi futi 1,000. Sasa toeni ramani zenu za darasani mwangalie. Thika yetu iko karibu mita 1,500, na Ruiru imepanda kidogo. Yaani mstari ule aliouchora Burkitt unapita karibu na miguu yetu! Kwenye joto la Kisumu na la Pwani watoto waliugua. Kwenye baridi ya nyanda za juu ugonjwa ulikuwa haba.

Mwanzoni Burkitt alidhani ni mwinuko unaoleta tofauti. Lakini mwinuko wa futi 5,000 Uganda na wa futi 1,000 kusini una uhusiano gani? Wenye akili za Jiografia mmeshajua: ni baridi. Ukienda mbali na ikweta, baridi huanza chini zaidi. Alipoilinganisha ramani yake na ramani za hali ya hewa, alikuta ugonjwa unakaa pale ambapo joto la wastani halishuki chini ya nyuzi 16 hivi, na mvua ya mwaka haipungui inchi 20, kama sentimita 50. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, alipoiona ramani aliitambua mara moja. Ilifanana na ramani za magonjwa ya mbu.

Burkitt alifikiri pengine mbu wanabeba virusi vya saratani hii. Hapo hakupata sawasawa, lakini alikuwa karibu. Mapema mwaka wa 1961, kabla hata ya safari yake, alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Waliafikiana Burkitt awe akimtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi vipya ndani yake. Vinaitwa hadi leo virusi vya Epstein-Barr. Vilikuwa vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Virusi hivyo viko duniani kote na huenezwa na mate, si mbu. Mbu naye mchango wake ni malaria: mtoto anayeugua malaria mara kwa mara kinga yake huchoka, na virusi vikapata nafasi. Kwa hivyo ramani ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Ni sisi watu tulichelewa kuisoma.

Na watoto je? Mulago haikuwa na mashine za kuchoma saratani kwa mionzi, na kisu hakikutosha. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, na uvimbe ukayeyuka kwa watoto wengi kwa siku chache. Baadhi yao walipona kabisa, jambo lililokuwa nadra sana kwa saratani za wakati huo. Mwaka wa 1967 taasisi ya saratani ya Uganda ilianzishwa pale pale Mulago. Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt.

Yeye alikuwa amekwisha rudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko alianza ramani nyingine, akiuliza kwa nini maradhi fulani ya tumbo yamejaa Ulaya na ni machache vijijini Afrika. Jibu lake lilikuwa chakula chenye makapi, kama vile unga usiokobolewa, maharagwe na mboga. Kwa hivyo ukila githeri usilalamike. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82, na akazikwa katika kijiji cha Bisley.

Sasa nirudi kwa mjomba. Aliniuliza, huyo si daktari? Ramani zinahusu nini na mkate wa siku hizi? Zinahusu sana. Miaka ile ile ya mwanzo wa 1960, kampuni moja ya Kanada ilikuwa hapa Kenya ikitafuta ardhi inayofaa kupanda miti. Kijana aliyeajiriwa nayo, Roger Tomlinson, alitakiwa kuweka ramani ya udongo, ya mvua, ya mteremko na ya barabara moja juu ya nyingine ili ayaone maeneo yanayofaa. Kazi hiyo kwa mkono ingekula pesa nyingi mno, ikaachwa. Tomlinson akajiuliza kwa nini kompyuta isifanye. Aliporudi Kanada alipata serikali ya kumsikiliza, na katika miaka ya 1960 akaunda mfumo wa kwanza wa taarifa za kijiografia, ule ambao sasa unaitwa GIS. Alifariki mwaka wa 2014 na watu humwita baba wa kazi hiyo. Mbegu yake ilitoka katika misitu yetu!

GIS ni nini basi? Fikirieni ukuta wa Burkitt ndani ya kompyuta. Kila pini ina latitudo na longitudo yake, na nyuma ya pini kuna jedwali: jina la mahali, idadi ya wagonjwa, mwaka. Kila ramani ni tabaka. Unalaza tabaka la mvua juu ya tabaka la joto, juu ya tabaka la ugonjwa, na kompyuta inakuonyesha yanapokutana. Kile kilichomchukua Burkitt miaka, leo kinaweza kuchukua siku, kwa picha za setilaiti na simu inayojua mahali ilipo. Lakini kompyuta haiulizi swali. Mtu ndiye anauliza.

Na kazi zipo. Wizara ya afya inataka kujua vyandarua vipelekwe wapi. Makarani wa sensa ya mwaka wa 2019 walizunguka na tableti, na kabla yao watu walikuwa wamechora ramani za maeneo ya kuhesabia nchi nzima. Mkulima wa kahawa wa Ruiru anahitaji mtu wa kumwambia mwinuko na mvua ya shamba lake vinakaribisha ugonjwa gani. Kampuni za maji na umeme hutaka kujua mabomba na nyaya zimepita wapi. Wapima ardhi, wapangaji miji, walinzi wa misitu, waandishi wa programu za simu, wote wanakula kwa swali la wapi.

Tena hatuhitaji kwenda mbali. Panda matatu Thika ukielekea Nairobi. Hujafika Ruiru utapita Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho hufundisha uhandisi wa upimaji ardhi na mifumo hii hii. Mbele huko Kasarani kuna kituo cha kanda cha ramani kinachohudumia nchi nyingi za Afrika, kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Ukifika Ruaraka kuna idara ya serikali ya upimaji na chuo cha upimaji na uchoraji ramani. Barabara moja, na tunaipita kila siku tukiangalia mabango ya matangazo tu. Kinachotakiwa ni Hisabati, Fizikia, Jiografia na kompyuta, na kusoma kwa bidii.

Mimi mwenyewe nimejaribu kidogo. Sisi ni shule ya kutwa, na mnajua wachelewaji huchapwa na kazi ya kufagia. Mimi na marafiki wawili tulichukua majina ya waliochelewa kwa wiki mbili, tukawauliza wanaishi wapi, tukachora ramani kwenye karatasi ya grafu na kutia nukta. Tulidhani nukta zitatapakaa kotekote. Kumbe nusu na zaidi zimerundikana sehemu moja, ng'ambo ya barabara kuu, ambako kuna daraja moja tu la kuvukia kwa miguu na liko mbali. Si wote ni wavivu. Wengine wana tatizo la wapi. Karatasi tumempa mwalimu wa zamu. Hajatujibu bado, lakini hakuitupa, ameiweka kwenye faili.

Mjomba hajakubali. Anasema atasubiri aone. Mama alisikiliza hadithi yote ya Burkitt akiwa anachambua maharagwe, hakusema lolote mpaka nilipomaliza. Halafu akaniuliza nauli ya kwenda Juja ni pesa ngapi.

Kama ramani ya Burkitt imekufunza kitu, mpitishie mwenzako jarida hili.